Naomba ushauri: nibadilishe waya za umeme za hom theta au napigwa tu?

Wakuu, habari za leo. Nina risiva (mashine ya kukuza sauti ya hom theta) na sabwufa (spika ya besi), nilinunua mtumba Kariakoo. Fundi ananishawishi nitupe waya za umeme zilizokuja nazo, niweke zake nene kama mpira wa kumwagilia bustani, eti besi itajaa na sauti itakuwa safi. Laki moja na nusu kwa waya mmoja! Mke wangu akisikia nitalala sebuleni na spika zangu.

Nimepiga hesabu. Risiva nyuma imeandikwa wati 400. Kwa volti 230 haifiki hata ampea 2, na waya wake wa sasa umeandikwa 3 × 0.75 mm², unabeba ampea 6 bila kupata joto. Sasa unene wa nini, wakati waya wa ndani ya ukuta unabaki uleule wa zamani?

Kinachonisumbua kweli ni mvumo. Sabwufa inanguruma "mmmm" hata muziki ukisimama. Nikichomoa kebo inayotoka kwenye king'amuzi, kimya. Nikirudisha, inaanza tena. Nahisi ni ethi (waya wa usalama unaopeleka umeme uliovuja ardhini), maana king'amuzi kiko soketi ya ukuta mwingine, kwa hiyo vifaa vinaunganishwa na ethi kwa njia mbili tofauti. Fundi alitaka akate pini ya ethi, nikamkatalia. Bati la risiva likinipiga shoti nitamlaumu nani?

Kuna aliyebadilisha waya akasikia tofauti kwa masikio yake? Na mvumo mliumalizaje? Nianze kwa kuchomeka vyote ekstensheni moja yenye fyuzi ya 13A, au kuna dawa nyingine?