Mjadala: Kazi ya mwanafunzi wa usanifu iliyopitia akili mnemba, ipokelewe au irudishwe?

Mkufunzi wa Usanifu, Dar es Salaam
Wadau, vyuo vingine vimekataza kabisa, vingine vimekaa kimya. Kimya ndicho kibaya zaidi, kwa sababu kila mwanafunzi anajitungia sheria yake.

Mimi nasema ipokelewe, ila kwa utaratibu. Chukua zoezi la khanga. Mwanafunzi aanze na mkono: michoro midogo mitatu inayoonyesha pindo, mji (sehemu ya kati) na mahali pa jina. Akishamaliza ndipo afungue programu ya akili mnemba na kuomba picha, kisha aikosoe kwa maandishi. Pindo limezunguka pande zote nne au limekatika? Pembe zinaoana? Jina limekaa chini ya mji, au limetupwa katikati kama tangazo? Ahifadhi kila ombi aliloandika, pamoja na picha alizozikataa na sababu za kuzikataa. Mwisho achore upya mwenyewe, picha ya mashine iambatishwe kama rejea.

Fundi Chapa
Mwalimu, naunga mkono, lakini ongeza somo la vipimo, maana huko ndiko vijana wanakoumia. Tuseme picha ya programu imetoka na pikseli, yaani nukta za picha, 1,024 kwa upande. Khanga ina urefu wa kama sentimita 150, yaani inchi 59. Gawanya: unapata pikseli 17 tu kwa inchi. Hata ukiridhika na 150 kwa inchi, unahitaji karibu pikseli 8,900. Basi wanaikuza kwa programu nyingine, nayo inabuni vijistari ambavyo havikuwepo. Umbo la korosho la kushoto linatoka na mishipa mitano, la kulia minne, na kwenye kitambaa hilo linaonekana waziwazi.

Rangi nazo. Katika uchapaji wa skrini kila rangi ina skrini yake, na kila skrini ni gharama. Picha ya mashine ina vivuli chungu nzima hata pale jicho linapoona nyekundu moja. Ukiipeleka hivyo, rangi hazitengani vizuri na kingo zinatoka na madoadoa. Dawa ni kuchora upya kwa programu ya vekta, yaani ya mistari isiyoharibika ukiikuza, rangi bapa tatu au nne, basi. Jina aliandike mwenyewe kwa fonti, kwa sababu mashine huichora herufi kama umbo tu, ndiyo maana mara nyingine inarudia moja na kuruka nyingine. Na kabla hajaleta pindo, asogeze picha nusu ya upana wake ili vilivyokuwa ukingoni vije katikati. Mshono ukionekana, kipande hicho hakifai kurudiwarudiwa.

Mwalimu wa Ushairi, Mombasa
Mimi napinga, angalau kwa mwaka wa kwanza. Mnasema mwanafunzi ataikosoa mashine. Ataikosoa kwa kipimo gani, naye kipimo hicho hajakipata?

Tazameni tarbia: mishororo minne, kila mmoja mizani (silabi) 16, nane za ukwapi, yaani nusu ya kwanza, na nane za utao, nusu ya pili. Programu hizi hukata maandishi katika vipande visivyofuata silabi, kwa hiyo hesabu yake ya mizani ni ya kubahatisha. Mshororo huu umetimia: "Elimu ni mwanga bora, nchi yetu inang'aa." Utao una nane kwa sababu "nchi" ni mizani mbili, n-chi. Asiyejua hilo atahesabu saba, ataiomba mashine neno la kujazia, nayo itampa bila kusita. Mshororo uliokuwa mzima umeharibika, na yeye anaondoka akiamini ameurekebisha. Vina vya mwisho mashine inavijali, vya kati inaviacha njiani. Na mada yoyote utakayoipa, iwe msiba au bei ya samaki, ubeti wa mwisho unaishia kwenye umoja na matumaini. Kijana akilishwa hayo kabla sikio lake halijakomaa, atadhani huo ndio ushairi.

Mtahini
Kwa nini tujisumbue hivyo? Zipo programu za kugundua maandishi ya mashine. Tuzitumie, atakayekamatwa apate sifuri.

Mkufunzi wa Usanifu, Dar es Salaam
Hapana, ndugu yangu. OpenAI wenyewe, waliotengeneza ChatGPT, waliiondoa programu yao ya ugunduzi Julai 2023 kwa sababu usahihi wake ulikuwa mdogo. Mwaka huohuo watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walizijaribu programu saba kwa insha 91 za Kiingereza zilizoandikwa na wageni wa lugha hiyo. Kwa wastani, zaidi ya nusu zilidhaniwa ni za mashine. Kumnyima mtoto wa watu alama kwa ushahidi wa namna hiyo ni dhuluma.

Mwanasheria wa Hakimiliki, Nairobi
Msisahau umiliki. Marekani, mahakama ya rufaa iliamua Machi 2025 katika shauri la Thaler, aliyetaka kusajili picha ya mashine, kwamba kazi isiyo na mtunzi binadamu haisajiliwi hakimiliki. Kenya, Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inamtaja mtunzi wa kazi iliyotolewa na kompyuta kuwa ni yule aliyefanya maandalizi ya lazima ili kazi ipatikane. Mwanafunzi anayeuza mchoro nje ya nchi anahitaji kuzijua zote mbili, na zile rasimu za mkono ndizo ushahidi wake. Pia akatazwe kuandika jina la msanii aliye hai kwenye ombi. Hazina ya LAION-5B ya 2022, iliyotumika kufundishia programu za picha, ina jozi bilioni 5.85 za picha na maelezo zilizookotwa mtandaoni, na wenye picha hawakuombwa ruhusa mmoja mmoja.

Mkufunzi wa Usanifu, Dar es Salaam
Hilo la majina naliingiza kwenye mwongozo. Alama napendekeza ziwe 40 za michoro ya mkono na rasimu, 30 za ukosoaji, 30 za kazi ya mwisho. Halafu mahojiano ya dakika kumi: mwanafunzi abadilishe pembe moja ya pindo mbele ya mtahini. Akishindwa, hizo 30 za mwisho hazipati.

Mwalimu wa Ushairi, Mombasa
Mahojiano nayakubali: nitamwambia abadilishe kina cha kati palepale. Lakini mwaka wa kwanza kwangu ni kalamu na karatasi. Mwaka wa pili nitaleta darasani shairi la mashine, wanafunzi wahesabu mizani yake kwa vidole na kuandika pembeni kila mahali lilipovunjika.

Fundi Chapa
Mwalimu wa Dar, dakika kumi hazitoshi kwa pembe ya khanga. Wape ishirini.