Mama anarudisha chenji mara mbili, ni uzee tu?

BintiUjiji: Wakuu, naombeni ushauri. Mama yangu ana miaka 71, naishi naye hapa Ujiji. Maisha yake yote kauza mawese na hesabu zake ni za kichwani, daftari hajui. Tangu mfungo uishe naona mabadiliko. Mteja katoa elfu kumi kwa chupa ya elfu tano, mama kamrudishia elfu tano, kisha palepale akamhesabia nyingine. Juzi kaswali Adhuhuri, kakunja mswala, kidogo akautandika tena akaswali ileile. Kilichoniliza ni pishi la migebuka, samaki wetu wa ziwani. Alisimama jikoni kashika mwiko, akaniuliza, "Mwanangu, hapa kinafuata nini?" Kaka anasema uzee. Majirani wameanza kutaja uchawi.

MzeeWaKibirizi: Pole binti. Uzee huo, hata mimi miwani naitafuta kila siku.

NesiMstaafu: Shikamoo mzee wangu, hapo naomba nikupinge. Kutafuta miwani ni mambo ya umri. Kupotelewa na hatua za pishi ulilolipika miaka hamsini ni jambo la kumuona daktari. Binti, mpeleke hospitali ya Maweni. Andika kila tukio na tarehe yake, beba dawa zote anazomeza, hata za dukani, maana piriton peke yake huvuruga kumbukumbu za mzee. Omba wampime presha, sukari, tezi ya shingoni, vitamini B12. Sonona nayo hufanana sana na hali hii. Aliwahi kuanguka akagonga kichwa? Na akichanganyikiwa ghafla, ndani ya siku moja mbili, mkimbize siku hiyohiyo. Mara nyingi huwa ni maambukizi, hata ya mkojo.

WaTabora: Sisi kwa baba tulipoteza miaka miwili kwa waganga, mpaka akapotea njia ya msikitini. Kama mama hajasoma usihofu. Kuna kipimo cha kumbukumbu kilichoandaliwa kwa wazee wa Hai, Kilimanjaro, hakitaki kalamu: anataja wanyama kwa dakika moja, anakumbuka maneno aliyosomewa, anapanga njiti za kiberiti kama alivyoonyeshwa. Muulize daktari. Ila usimhoji mbele za watu. Baba tulimhoji sebuleni, akanyamaza wiki nzima.

BintiUjiji: Asanteni sana. Hajaanguka. Lakini nimeinua mto wake sasa hivi, nimekuta kopo la piriton, anasema humeza kila usiku apate usingizi. Jumatatu tunakwenda, kaka kakubali kutusindikiza.

NesiMstaafu: Libebe hilo kopo. Na vipimo vingine vyote afanyiwe vilevile.