Juno na Izumo1 zikishashikana, mbona mbegu haiungani na yai?

Mchanga_Bio: Wakuu, naomba darasa. Mbegu ya panya hulitambua yai kwa protini yake Izumo1 kushika Juno, protini ya utando wa yai, hapo sawa. Lakini seli za kufugwa maabara, hizi zikiwekewa Izumo1 na zile Juno, hugandana tu bila kuungana. Nani basi anaunganisha tando? Na kwenye utungisho wa maabara, yai likikosa pronuklei (viini vya mbegu na yai vinavyoonekana utungisho ukifanyika), nijueje kilipokwama?

DarubiniX40: Anza na swali la pili, ndilo litakalookoa mayai yako. Tazama mbegu zimeishia wapi. Zote zikiwa nje ya zona pelusida (ganda la nje la yai), mara nyingi kapasitesheni (kuiva kwa mbegu kabla ya kutungisha) haikukamilika au akrosomu (kifuko cha kichwa cha mbegu) haijafunguka. Kumbuka Izumo1 hujificha humo. Isipojitokeza, Juno haina cha kushika.

Zikiwa zimejazana ndani ya zona, zinapiga mikia kando ya utando wa yai, hapo kuungana ndiko kumeshindikana. Zinajazana kwa sababu kalsiamu ya yai haikupanda, ovastasini (kimeng'enya cha yai) haikumwagwa, ZP2 (protini ya zona) haikukatwa, basi zona imebaki wazi na nyingine zinazidi kuingia.

Kuthibitisha: lipe yai Hoechst 33342 (rangi inayong'arisha DNA), lioshe mara kadhaa, livue zona kwa mmumunyo wa Tyrode wenye asidi, kisha weka mbegu. Zona ikiyeyuka tu, hamisha. Asidi ikikawia inaharibu utando. Kichwa cha mbegu kinachong'aa kimeungana, maana rangi imekifikia kutoka ndani ya yai. Ukiosha kizembe, rangi huvuja na vichwa vyote hung'aa. Jaribio hilo litupe.

Kiinitete: Juno na Izumo1 ni kushikana kwanza. Upande wa yai ipo protini CD9: mwaka 2000 ilionekana panya jike asiye nayo anakuwa karibu tasa, mbegu hufika kwenye utando zikaishia hapo. Upande wa mbegu kuna protini SPACA6, TMEM95, FIMP, SOF1, DCST1 na DCST2. Ondoa mojawapo, dume anakuwa tasa au karibu tasa hata Izumo1 ikiwepo. Mwaka 2024 ikaongezwa TMEM81, inayokaa pamoja na Izumo1 na SPACA6. Utatu huo upo hata kwa samaki zebra, ila yai lake halitumii Juno, linatumia protini nyingine, Bouncer. Binafsi naacha kuitafuta protini moja "inayounganisha", ni kikosi.

Mchanga_Bio: Shukrani. Je, ICSI (kudunga mbegu moja ndani ya yai) inaruka yote haya?

DarubiniX40: Ndiyo. Mbegu za panya zisizo na Izumo1 zikidungwa moja kwa moja ndani ya yai, yai linaamka na kiinitete kinakua. Isichoruka ni PLC zeta, protini ya mbegu inayoamsha kalsiamu. Ikikosekana, yai la binadamu ukiliangalia saa 16 hadi 18 baada ya kudunga halina pronuklei ingawa mbegu imo ndani. Hapo hujaribiwa ionofori ya kalsiamu (kemikali inayopandisha kalsiamu ndani ya yai), si kudunga upya.