Siku mbili Dar na mama mwenye magoti mabovu, mara ya kwanza: nikate nini?

Binti_AreaC

Wakuu, habari za saa hizi. Tunatoka Dodoma kwa SGR, tunaingia Dar Ijumaa usiku na kugeuza na treni ya Jumapili jioni. Tupo wawili, mimi na mama. Mama ana miaka 64 na hajawahi kufika Dar. Magoti yanamsumbua: ngazi na mchanga mlaini ni shida, ila tambarare anatembea nusu saa bila tatizo akienda taratibu.

Yeye anataka mambo matatu tu: aione bahari, ale samaki wa maji chumvi aliyevuliwa usiku huohuo, na aione "Dar ya zamani" aliyokuwa akiisikia redioni. Mimi nimeandika orodha: Feri (soko la samaki), Kariakoo, Makumbusho ya Taifa, Kijiji cha Makumbusho, Coco Beach, kisiwa cha Mbudya, Kigamboni, Bagamoyo, Daraja la Tanzanite. Najua ni nyingi. Bajeti ni laki mbili na nusu, bila nauli ya treni wala malazi. Nikate nini, na nianze na kipi?

Mzee_wa_Stesheni

Karibuni jijini, dada. Sisi mji mkuu mmetuchukulia, bahari mmetuachia.

Kata Bagamoyo kabisa. Ni kama kilomita 70, na foleni ya Tegeta ikikukamata umepoteza siku nzima. Kariakoo ya Jumamosi nayo kata. Pale ni kusukumana, mikokoteni inapita kwenye visigino vya watu na pa kukaa hakuna. Jumapili ni shwari, ila maduka mengi yamefungwa. Mkitaka kuiona, ipiteni ndani ya gari, umwelekeze mama kwamba jina limetokana na Carrier Corps, wale wapagazi wa Vita ya Kwanza ya Dunia.

Kanuni ya Dar ni upande mmoja wa mji kwa siku moja. Watu hukosea kwa kupanga Feri asubuhi, Mwenge mchana, halafu kurudi Posta jioni, na wanaona viti vya magari kuliko kitu kingine chochote. Jumamosi iwe ya Posta na Kivukoni, Jumapili iwe ya kaskazini, Kijiji cha Makumbusho na Coco.

Kwa Jumamosi, Feri anza alfajiri, hilo wenzangu watakuelekeza. Ukitoka hapo fuata barabara ya Kivukoni kuelekea mjini, bandari ikiwa mkono wako wa kushoto. Ni tambarare na kuna miti. Utakutana na kanisa la Kilutheri la Azania Front lenye paa la vigae vyekundu, lililojengwa 1898, halafu Mtakatifu Yosefu lililokamilika 1902. Mbele kidogo kuna Boma la Kale, la miaka ya 1860, enzi za Sultani Majid aliyeuanzisha mji huu. Mwambie mama aziangalie kuta kwa karibu, ni mawe ya matumbawe. Kutoka Feri hadi hapo ni nusu saa ya mwendo wa mama, na mna makanisa mawili ya kupumzikia njiani kama hakuna ibada.

Kisha chukua bajaji au teksi hadi Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert. Wanafungua saa 3 na nusu asubuhi. Beba kitambulisho cha NIDA, maana kiingilio cha raia ni kidogo mno ukilinganisha na cha mgeni, na usipothibitisha uraia mtabishana bure mlangoni. Ndani mwonyeshe habari za Zinjanthropus, lile fuvu la kale lililopatikana Olduvai mwaka 1959, na magari ya viongozi wa zamani. Kwa mtu wa rika lake, magari yale yatamkalisha kuliko mafuvu.

Mkirudi, mpitisheni kwenye sanamu ya Askari (1927) pale Samora, halafu Mnazi Mmoja na Mtaa wa Lumumba, ilipozaliwa TANU mwaka 1954. Dar ya redioni ndiyo hiyo. Msishuke, mwambie dereva apunguze mwendo.

Mla_Changu

Nazungumzia Feri tu, maana wageni wengi huharibu hapo.

Fikeni saa 12 na nusu asubuhi. Kabla ya hapo ni zogo la mnada na sakafu imejaa maji. Baada ya saa 3 samaki wazuri wameshaondoka kwenda mahotelini na joto limeanza kazi yake. Mama avae viatu vya wazi vyenye soli ya mpira inayong'ata chini. Kandambili laini zinateleza kwenye magamba, na kwa magoti hayo kuanguka si jambo dogo.

Mnadani msinunue. Dalali anauza kwa fungu au ndoo, bei inapanda kwa ishara ya kidole, na ukiinua mkono kujipepea unaweza kuambiwa umeshinda. Simameni pembeni mtazame dakika kumi, ni burudani tosha. Kununua nendeni kwenye meza za rejareja.

Kwa watu wawili chukua changu wawili wa nusu kilo nusu kilo, au kolekole mmoja wa kilo. Nguru ni mtamu ila huuzwa kwa vipande, na kipande hakina kichwa cha kukuonyesha umri wake. Samaki mzima anajieleza: funua shavu uone matamvua, yawe mekundu ya damu, si ya kahawia. Jicho liwe limetokeza na linang'aa. Bonyeza ubavu kwa kidole, shimo lirudi hapohapo. Muuzaji akimwagia maji kila dakika akikuona unakuja, angalia mara mbili.

Ukishalipa, mpe mpaa samaki atoe magamba na matumbo. Mwambie amchanje mara tatu kila ubavu, hadi karibu na mfupa. Hilo lisiposemwa, samaki mnene hukauka nje na kubaki na damu kwenye uti, kwa sababu mafuta ya pale ni ya moto mkali na mkaangaji ana foleni. Kisha nenda kwa wakaangaji. Patana bei ya kukaanga kabla samaki hajaingia kwenye karai, na chungulia mafuta: yakiwa meusi kama oili ya gari, hamia karai la jirani. Halafu usiondoke. Samaki ishirini wanaelea pamoja, na changu wako anaweza kutoka akiwa mdogo kuliko alivyoingia. Chumvi, ndimu na pilipili viko hapohapo, ugali au wali mnapata kwa mama lishe wa pembeni.

Mkifika wakati mwezi ni mpevu, msishangae dagaa kuadimika na kupanda bei. Wanavuliwa kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka taa haiwavuti.

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, kwa hiyo njooni na kikapu. Na simu ifiche ukielekea upande wa Ikulu na kwenye kivuko. Tausi wa Ikulu watazameni kwa macho.

Mwanamaji_Kunduchi

Mzee_wa_Stesheni kasema vizuri, ila Mbudya hakuigusa. Kwa mtu mwenye magoti mazima ningesema nendeni, maji ni safi na samaki wa kuchoma wapo. Kwa mama, hapana. Boti za Kunduchi unazipanda ufukweni kwa kuingia majini hadi magotini, unainua mguu kuvuka ubavu wa boti huku inayumba, na kule kisiwani unarudia zoezi. Watu wazima huumia hapo, si baharini.

Safari ya bahari anayoiweza ni kivuko cha Kigamboni. Nauli ni shilingi 200 kwa mtu, mnalipa kwa kadi ya N-Card. Nunueni kadi moja mapema na kuiwekea salio. Vukeni Jumamosi baada ya saa 3 asubuhi, mkitoka kula Feri. Kabla ya hapo wafanyakazi wanamiminika kuja mjini. Tatizo lake ni lile daraja la chuma la kushukia, lina mteremko na unyevu. Waacheni wenye haraka na pikipiki watangulie, nyie mshuke mwisho. Mama ataiona bandari yote, meli za makontena na mji kwa mbele, kwa bei ya peremende. Mnaweza kugeuza na kivuko hichohicho.

Sasa Coco Beach, hapa ratiba za watu huvunjika. Maji yakipwa pale unaona miamba na majani, bahari iko kule mbali, na mama ataambiwa "ndiyo hiyo". Hesabu ni rahisi. Siku za mwezi mpevu au mwezi mwandamo, maji hujaa karibu na saa 10 jioni na kupwa kabisa karibu na saa 4 asubuhi. Kila siku inayofuata vyote huchelewa kama dakika 50. Kwa hiyo wiki moja baadaye, mwezi ukiwa nusu, mambo yamegeuka: saa 4 asubuhi maji yamejaa. Tazameni mwezi Dodoma siku mbili kabla ya safari, mtajua Jumapili muanze na Coco au muanze na Kijiji cha Makumbusho. Kuogelea msahau, kuna mikondo na mawe. Kukaa kwenye benchi na kuingiza miguu kwenye povu kunatosha.

Kisutu_Jioni

Chakula cha jioni hamjagusiwa, na Dar huliwa jioni.

Jumamosi usiku nendeni kona ya Mtaa wa Libya na Barabara ya Morogoro, Mamboz. Kuku wa kuchoma, meza ziko nje barabarani, hakuna ngazi. Fikeni saa 1 usiku, mkichelewa mtasimama. Kuku wa viungo vikali mpeni mama kipande kwanza, siyo sahani.

Kabla ya hapo, saa 10 alasiri, mitaa ya Kisutu ni wakati wa bhajia, kachori na chatne ya nazi. Urojo pia upo: ni uji wa njano wenye uchachu wa embe mbichi au ukwaju, ndani kuna viazi, bhajia, mshikaki na chipsi za muhogo juu. Omba pilipili iwekwe kando. Chipsi za muhogo zikilowa zimekwisha kazi, kwa hiyo urojo haubebwi, unaliwa umesimama au umekaa hapohapo. Supu ya pweza mtaiona kwa wauzaji wenye sufuria na vijiti vya meno. Kigezo ni kimoja: sufuria iwe inachemka. Pweza wa vuguvugu mwacheni.

Coco ni mihogo, na mihogo ina siri yake. Vunja kipande: kikikatika na kuonyesha unga, ni mzuri. Kikivutika na kung'aa kama sabuni, mhogo ulikuwa na maji mengi au ulikaangwa jana na umerudishwa kwenye mafuta. Ipasuliwe katikati ikiwa ya moto, kachumbari na pilipili ziingie ndani. Ikimwagiwa juu tu zote zinaanguka. Buku mbili inamtosha mtu mmoja, pamoja na dafu pembeni. Dafu mwambie akupasulie na ile nyama laini ya ndani uile, wengi hulipa wakaondoka wakaacha nusu ya mali.

Kama safari inaangukia Ramadhani, badilisheni kila kitu: mchana mama lishe wengi hawapiki, lakini jioni futari ya mihogo na magimbi ya nazi itawalipa.

Binti_AreaC

Asanteni sana, mmenifungua macho. Mawili yamebaki. Tulale wapi? Na Jumapili mabegi tuyaweke wapi, maana chumba wanataka tutoke saa 4 asubuhi. Mama pia anauliza kama anaweza kurudi na samaki.

Mzee_wa_Stesheni

Laleni maeneo ya Kisutu, Mnazi Mmoja au Gerezani. Stesheni ya SGR iko karibu, Feri iko karibu, chakula kiko chini ya nyumba. Sinza ni nafuu ila Jumamosi baa zinapiga muziki hadi alfajiri, na mama hatalala. Ukipiga simu gesti usiulize "kuna chumba?" pekee. Uliza kama kuna chumba cha chini au lifti inayofanya kazi, maji yanatoka bombani au ya ndoo, na umeme ukikatika jenereta inawasha feni au taa tu. Kati ya Desemba na Machi swali hilo la feni ndilo la kwanza.

Mabegi yaacheni mapokezi palepale, ila muwaambie tangu Ijumaa na mfunge zipu kwa kufuli. Jumapili mkitoka Coco piteni Daraja la Tanzanite kurudi mjini, ni njia yenu na mandhari ya bure, mnachukua mabegi, mnaingia stesheni. Muwe getini saa nzima kabla, mizigo inapita kwenye mashine na foleni ya Jumapili jioni ni ndefu. Mvua za masika zikiwa zimekolea, kati ya Machi na Mei, hesabuni saa moja zaidi, na mabasi ya Mwendokasi msiyategemee siku ile bonde la Jangwani limejaa maji.

Samaki wabichi msibebe, dada. Mtakuwa mmewanunua Jumamosi asubuhi, treni ni Jumapili jioni, na Dodoma mtashuka usiku. Hata barafu haiwezi kuokoa hiyo hesabu, na behewa zima litajua mmetoka Feri. Mnunulie mama ubuyu wa rangi na kashata.

Mla_Changu

Akililia samaki kabisa, Jumapili alfajiri rudi Feri peke yako, chukua kamba wakavu. Wafunge tabaka tatu za karatasi ndani ya ndoo yenye mfuniko. Wakavu kweli wanakatika ukiwakunja. Wakipinda wana unyevu, watavunda kabla hamjafika Morogoro.