Triplex moja, reli za HO: duara, Tenke, au uwanja wa kupanga mabehewa?

Mutoto wa Kamalondo: Jambo yenu. Nina triplex nzima, yaani ubao wa plaiwudi, mita 2.44 kwa 1.22, na reli za HO, zile za treni ndogo za mfano, nilizokusanya kidogo kidogo. Nataka kuijenga reli yetu ya Katanga. Papa aliifanyia kazi miaka mingi, na usiku tulilala tukisikia mabehewa yakigongana uwanjani. Sijui nichague nini: duara ya treni kuzunguka, njia panda ya Tenke, au uwanja tu wa kupangia mabehewa? Naomba ushauri kabla sijapiga msumari.

Yaya Likasi: Duara, mdogo wangu. Watoto wa jirani watakuja kuona treni ikikimbia, si ikisimama. Kona ya nusu kipenyo cha sm 36 itaingia, lakini injini ndefu zitaikataa. Weka sm 45. Hapo duara itakula karibu mita moja ya upana, na pembeni zitabaki kama sm 12 kila upande, treni ikianguka isifike chini. Ila usiisukume meza ukutani. Mkono haufiki vizuri kupita sm 75, na treni huangukia palepale usipofika.

Kolwezi Njia Moja: Duara haiendi popote. Tenke ndiyo roho ya reli yetu: ukitoka Lubumbashi, hapo njia inagawanyika, moja kwenda Kolwezi na Dilolo hadi Angola, nyingine kupanda Kamina mpaka Ilebo. Treni ya shaba ikifika Tenke lazima uamue inaelekea wapi, na uamuzi huo ndio utamu wenyewe. Jihadhari na jambo moja. Ukizifunga njia tatu kwa pembetatu ili injini igeuke, reli ya kulia itakutana na ya kushoto, na umeme utapiga shoti. Kata reli zote mbili kwenye mguu mmoja wa pembetatu, mwanzo na mwisho wake, uunge kwa viungio vya plastiki, na mguu huo uupe swichi yake ya kugeuza umeme.

Mama Mizani: Jamani, yeye ana triplex moja! Tenke kwa HO itabanwa mpaka isijulikane. Mimi ningejenga uwanja. Kuna mpango wa Mwingereza Alan Wright unaoitwa Inglenook: njia tatu, moja ya mabehewa matano, mbili za matatu matatu, na kipande cha reli mbele yake, ambapo injini huvutia mabehewa nje, kinachobeba injini na mabehewa matatu. Unaweka mabehewa manane, unachagua matano kwa karata, kisha unayapanga kwa mfuatano huohuo. Mipangilio ni 6,720. Kwa mabehewa mafupi, ubao wa mita 1.8 kwa sm 30 unatosha. Nimeucheza miaka miwili na bado jioni moja inanishinda.

Mzee wa Gari la Moshi: Wanangu, mmesahau upana. HO ni 1:87, yaani kila kitu kimepunguzwa mara 87, na reli zake zina upana wa mm 16.5, ndiyo reli ya Ulaya ya mm 1,435. Yetu, iliyofika hapa mwaka 1910, ni ya mm 1,067. Kwa 1:87 ingetakiwa mm 12. Reli za mm 9 nazo zinakubali ukijenga kwa 1:120. Lakini kijana ameshanunua, asitupe kitu. Avike injini rangi zetu na udongo wetu mwekundu.

Mutoto wa Kamalondo: Aksanti sana wote, na Mzee wa Gari la Moshi zaidi. Jana nilikata katoni kwa umbo la kila njia panda nikazipanga sakafuni. Tenke ilitoka nje ya mlango. Duara nayo niliijaribu: behewa la tatu liliruka kila mara mahali palepale. Nikainama, jicho sawa na reli, nikaona kiungo cha reli kimekunjika kama kiwiko katikati ya kona.

Yaya Likasi: Lehemu vipande viwili vikiwa vimenyooka, ndipo upinde.

Mutoto wa Kamalondo: Nitafanya hivyo siku ya duara. Sasa nakata sm 40 za triplex kwa uwanja, na betri ya volti 12 itakaa chini yake, maana umeme hapa hukatika jioni, saa ninayotoka kazini. Zile sm 82 nazihifadhi. Mama Mizani, njia ndefu niiweke upande wa mbele au nyuma?

Mama Mizani: Nyuma. Mkono usipite juu ya mabehewa matano.