Ushauri: kaka yangu mgumu (mpagazi wa Kilimanjaro) kavunjika paja akishuka Mweka, bima hana. Tuchangishe vipi?

Dada wa Kibosho
Habari za jioni wanajamvi. Naombeni ushauri, hasa mlio Moshi na Arusha, na mliowahi kusimamia michango ya mgonjwa.

Kaka yangu ni mgumu, anabeba mizigo Kilimanjaro tangu ujana wake. Mwezi uliopita walikuwa wanashuka kutoka kambi ya Barafu, mvua ikanyesha, mawe yakawa utelezi mtupu. Alianguka juu kidogo ya kambi ya Mweka, mzigo ukiwa kichwani, mfupa wa paja ukavunjika. Wenzake walimshusha kwa machela mpaka gari la uokoaji lilipoweza kufika. Kapasuliwa, kawekewa chuma, sasa yuko kwa mama.

Ng'ombe wameuzwa, ukoo umechanga, na bado tunadaiwa zaidi ya milioni 2. Daktari amesema mizigo asahau kwa miezi mingi, na mazoezi ya viungo ni kila wiki. Ana watoto shuleni. Kundi la WhatsApp nimefungua; wengi wameahidi, waliotuma ni wachache. Tuweke picha yake mitandaoni? Tuwaombe wageni aliowahi kupanda nao? Mbele ya watoto anajikaza, lakini usiku halali.

Mwongozaji Mstaafu
Pole sana dada, na mama umpe pole. Kabla ya michango, kampuni iliyompandisha inasemaje? Huyo kaumia kazini. Kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Anayeuchangia ni mwajiri peke yake, mfanyakazi hakatwi hata senti. Unalipia matibabu, na aliyeshindwa kufanya kazi kwa muda analipwa sehemu ya kipato chake. Wagumu wengi hawaufuatilii, maana wanachukuliwa safari kwa safari, basi wanajiona vibarua wasio na haki. Sheria inatambua hata mkataba wa mdomo.

Ushahidi mnao. Jina lake liliandikwa getini siku ya kupanda. Mwongozaji wa safari ile na wale waliombeba waandike maelezo na kusaini sasa hivi, kabla hawajatawanyika kwenye safari nyingine. Taarifa za ajali zina muda wake, msikae.

Dada wa Kibosho
Asante kaka. Walituletea laki tatu, wakasema msaada wao umeishia hapo. Hatujasaini kitu.

Mwongozaji Mstaafu
Hiyo ni pole, mshukuruni. Fidia ni jambo jingine. Wakileta karatasi ya kumaliza madai, msisaini.

Mama Ustawi
Mdogo wangu, deni la hospitali lisikutoe machozi kabla hujamwona afisa ustawi wa jamii wa hapohapo hospitalini. Kazi yetu ni hiyo. Nenda na barua ya mtendaji wa kijiji inayoeleza hali ya familia, na bili yenyewe. Deni linaweza kupunguzwa au mkapangiwa kulipa kidogokidogo. Watu hutukimbia kwa aibu, wanauza shamba, kumbe mlango ulikuwa wazi.

Mweka Hazina
Nimeshika michango ya wagonjwa mara nyingi. Ahadi hazigeuki fedha kwa sababu watu hawajui wanachangia nini. Ukiandika "tumsaidie ndugu yetu", mtu anasema amina na kuendelea na yake. Andika: nauli na mazoezi ya mwezi huu ni kiasi hiki, bado kiasi hiki. Hapo mtu anajua elfu tano yake imefanya nini.

Namba ya kupokea isiwe ya mtu mmoja. Fungueni M-Koba, ile akaunti ya kikundi ya kwenye simu, fedha haitoki mpaka viongozi wa kikundi waidhinishe. Na msimalize zote kwenye deni! Mgonjwa akikosa nauli ya mazoezi, goti linakakamaa, na ule upasuaji mliouzia ng'ombe unapotea bure.

Mchaga wa Minnesota
Kuhusu wageni: GoFundMe, tovuti ya kuchangisha fedha, hailipi kwenye akaunti ya benki ya Tanzania. Lazima mfunguaji awe kwenye nchi inayokubaliwa, kama Marekani au Uingereza, kisha yeye ndiye awatumie. Kwa hiyo mtafuteni mgeni mmoja aliyepanda naye na anayemkumbuka kwa jina, aanzishe yeye. Marafiki zake watamwamini kuliko sisi. Mpeni barua ya daktari na bili, na kila fedha ikifika mrudishie risiti.

Kijana wa Majengo
Picha ya kidonda weka dada, watu huguswa haraka.

Mama Ustawi
Hapana mwanangu. Mwulizeni mwenyewe kwanza. Watoto wake wako shule, wenzao wana simu. Picha akiwa kazini, amesimama na mzigo wake, inatosha, na akiikataa hiyo nayo basi.

Dada wa Kibosho
Nimemsomea yote. Picha ya kidonda kakataa, ya akiwa kazini Shira, kule mlimani, amekubali. Mwongozaji wa safari ile amejibu, anaandika maelezo usiku huu. Kesho naanzia kwa mtendaji, halafu ustawi. Deni na mazoezi nitavitenganisha kwenye kundi.

Bajaji Kibosho Road
Dada, mazoezi ni siku gani? Nauli ya hospitali msiiweke kwenye hesabu. Nitampeleka na kumrudisha, nitumie namba yako inbox.

Dada wa Kibosho
Jumanne na Ijumaa, saa tatu asubuhi. Nimekutumia. Mungu akubariki kaka.