Wochipointi za hadiwea kwenye dibaga yetu: ptrace, perf au mprotect? Na tununue mashine gani?

Mpunguzi_C – Jumatatu, saa 3:40 usiku
Wakuu, habari za humu. Tupo watatu hapa Dodoma, tumepanga chumba Kisasa, na tuna dibaga yetu, yaani programu ya kutafutia makosa ya programu nyingine, tuliyoiandika wenyewe kwa C. Brekipointi za kawaida, za kusimamisha programu ikifika mstari fulani, inazo na haisumbui. Sasa tunataka wochipointi, yaani nikiiambia ilinde kigeu kama "jumla", programu isimame pale pale thamani inapobadilika. Kwa sasa tunaiendesha programu amri moja moja na kulinganisha thamani kila hatua. Kazi ya sekunde mbili unainjika wali, unaiva, haijaisha.

Njia tulizoziona kwenye Linux ni kuandika rejista (vihifadhi vidogo vilivyo ndani ya prosesa) kupitia ptrace, wito wa kerneli (kiini cha Linux) wa kuisimamia programu nyingine; kutumia perf_event_open, wito wa kupima matukio; au kuufunga ukurasa wa memori kwa mprotect na kudaka SIGSEGV, ishara ya kugusa memori iliyokatazwa. Halafu tuna laki nne na nusu ya mashine moja ya majaribio, na lazima tuamue kabla ya Ijumaa. Mnashauri ipi?

FundiRejista – Jumatatu, saa 4:05 usiku
Mkuu, nusu ya swali umebaki nayo. Prosesa gani? Programu ina thredi (njia za utendaji zinazokwenda kwa pamoja) ngapi? Mnacholinda kina baiti ngapi? Mnataka kudaka kuandika tu au hata kusoma? Na hiyo mashine ya laki nne na nusu ni ipi hasa? Usipoyasema hayo, kila mtu atakujibu kwa mashine iliyo mezani kwake.

Alizeti77 – Jumatatu, saa 4:11 usiku
Kwa nini msitumie GDB, dibaga iliyopo tayari? Unaandika "watch jumla", inatafuta yenyewe rejista ya hadiwea, kutazama usomaji unatumia "rwatch", yote mawili "awatch". Mkiishiwa rejista ingieni Valgrind (chombo kinachoendesha programu kwa kuiigiza prosesa), ile gdbserver yake inaigiza wochipointi nyingi mpendavyo, za urefu wowote. Mnachonga mchi wakati kinu cha jirani kiko wazi.

Mpunguzi_C – Jumanne, saa 1:20 asubuhi
Samahani wakuu, nilikuwa na haraka, umeme ulikuwa umerudi muda huo huo. Ni programu ya mizani ya kupimia zabibu. Thredi tatu: moja inasoma mizani kwenye waya wa siriali, moja inaandika skrini, moja inahifadhi kwenye hifadhidata. "Jumla" ni kilo zilizopokelewa, baiti 8. Kuandika tu kunatosha. Tunatengenezea kwenye laptopu ya Intel ya biti 64, lakini kifaa kinachokwenda kwa wakulima ni Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo ya bodi moja yenye prosesa ya ARM. Fedha ni ama Pi ya pili ama laptopu iliyotumika, ile tuliyonayo imechoka.

@Alizeti77 GDB tunaiheshimu na tunaitumia. Dibaga yetu inakaa ndani ya kifaa, na ujumbe wake ni wa Kiswahili, ili fundi aliyepo Hombolo aweze kutusomea kwenye simu kilichotokea.

FundiRejista – Jumanne, saa 2:02 asubuhi
Sasa tunaongea. Kwa Intel, anzeni na ptrace. Tangu 80386 ya mwaka 1985 kuna rejista nne za anwani, DR0 hadi DR3, DR6 ya kueleza ipi imegonga, yaani imeona anwani yake ikiguswa, na DR7 ya kuwasha. Nne tu. perf_event_open nayo inakwenda kwenye rejista hizo hizo, kwa hiyo msidhani mtapata ya tano. Faida yake ni kwamba inaweza kuhesabu imegonga mara ngapi bila kusimamisha programu, na kerneli inakugawia rejista yenyewe. Ila kwa dibaga inayotakiwa kusimamisha, ptrace ni ya moja kwa moja.

Mfano: kulinda baiti 4 kwa kuandika kupitia DR0. Weka anwani ndani ya DR0 kwanza, kisha DR7 iwe 0xD0001. Ile 1 ya mwisho inawasha DR0, biti za 16 na 17 zinasema "kuandika", biti za 18 na 19 zinasema "baiti 4". Kwa baiti 8 inakuwa 0x90001. Zote zinaandikwa kwa PTRACE_POKEUSER kwenye u_debugreg, sehemu ya rejista hizi ndani ya struct user. Ikigonga, soma DR6 ujue ni nani, kisha uifute mwenyewe, prosesa haikufutii. Usipoifuta, ikigonga tena unaweza kusoma biti za zamani.

Kusoma peke yake Intel haina. Kuna kuandika, au kusoma na kuandika pamoja.

mprotect msiiguse kwa kazi hii. Ukurasa ni baiti 4096, mnataka 8. Kila jirani wa "jumla" akiandikwa mnadakwa. Na kibaya zaidi, programu ikiita read() ijaze bafa (sehemu ya memori ya kupokelea data) iliyo ndani ya ukurasa uliofungwa, hakuna SIGSEGV, wito unarudi na kosa la EFAULT. Mtakuwa mmeibadilisha tabia ya programu mnayoichunguza.

Mzee_wa_AreaD – Jumanne, saa 6:30 mchana
Vijana, lile swali la thredi limenigusa. Ngoja niwaeleze yaliyonipata, msije mkarudia.

Nilikuwa nahudumia programu ya ghala moja upande wa Kongwa. Kuna hesabu ya magunia ilikuwa inarudi sifuri katikati ya kazi. Leo mara mbili, kesho haitokei kabisa. Nikaweka wochipointi kwenye hiyo hesabu, nikakaa siku tatu ndani ya ghala, laptopu juu ya magunia, vumbi la mahindi limejaa kwenye kibodi. Hesabu inarudi sifuri mbele ya macho yangu na dibaga iko kimya. Nikajiridhisha kuwa hakuna programu iliyoandika pale, basi memori yenyewe ni mbovu. Nikamwambia mwenye ghala anunue memori mpya. Akanunua kwa fedha yake. Kesho yake saa tano asubuhi, sifuri.

Rejista hizi ni za kila thredi peke yake. Nilikuwa nimeziweka kwenye thredi kuu tu, na thredi mpya haizaliwi nazo. Mharibifu alikuwa thredi ya printa, inayoanza pale mtu anapobonyeza kuchapa risiti. Ilikuwa inanakili jina la herufi 16 kwenye bafa ya baiti 16, na ile sifuri ya kufungia neno inaangukia baiti ya 17, ambayo ndiyo baiti ya kwanza ya hesabu yangu. Magunia yakiwa chini ya 256 yanageuka sifuri. Na siku ya pili niliiona 300 ikigeuka 256 kwa macho yangu, nikaipita! Ningekaa na namba hiyo dakika tano tu, yule mwenye ghala asingetoa fedha. Jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Kwa hiyo wekeni chaguo la ptrace liitwalo PTRACE_O_TRACECLONE. Thredi ikizaliwa mnaarifiwa ikiwa imesimama, mnaiandikia DR0 na DR7, ndipo mnaiachia.

Mpunguzi_C – Jumanne, saa 7:15 mchana
Shikamoo mzee. Asante sana. Sisi tulikuwa tunaandika kwenye thredi kuu tu, kama wewe.

Mzee_wa_AreaD – Jumanne, saa 7:40 mchana
Marahaba. Badilisheni leo.

Binti_Chimwaga – Jumanne, saa 2:10 usiku
Mnaandika ya Intel tu wakati kifaa chake ni Pi. Prosesa ya Pi 4 ni Cortex-A72 ya ARM, ina wochipointi nne pia, lakini njia ni nyingine: PTRACE_SETREGSET na NT_ARM_HW_WATCH. Tofauti kubwa ni wakati. Intel inakusimamisha amri ikishaandika, kwa hiyo thamani ya zamani lazima uwe umeitunza mwenyewe, na RIP, rejista inayoonyesha amri ya kutekelezwa, imeshahamia amri inayofuata. ARM64 inakusimamisha kabla haijaandika. Ukiiachia tu iendelee itagonga pale pale milele. Unazima wochipointi, unapiga hatua moja, unasoma thamani mpya, unawasha tena. Msimbo wa Intel hautahamia Pi hivi hivi. Mimi ningenunua Pi ya pili leo.

Alizeti77 – Jumanne, saa 2:25 usiku
Laptopu. Pi dukani hapa mjini sijaiona, utaagiza Kariakoo, uisubiri basi, na bado uitafutie pawa saplai nzuri.

Binti_Chimwaga – Jumanne, saa 2:31 usiku
Pawa saplai ananunua mara moja. Hitilafu ya ARM itamfuata shambani kila msimu.

Zuzu_Stesheni – Jumatano, saa 1:50 asubuhi
Mbukwenyi. Naomba kuchomeka kitu. Kwa kuwa ujumbe wenu ni wa Kiswahili, wochipointi mnaiitaje? Mimi nimezoea "mlinzi".

Mzee_wa_AreaD – Jumatano, saa 3:00 asubuhi
Mlinzi anazuia. Hii haizuii kitu, inasema tu nani kafanya. Iiteni "shahidi". Fundi wa kijijini akisoma "Shahidi 1: jumla imetoka 412 kwenda 0" anaelewa bila kufundishwa.

Binti_Chimwaga – Jumatano, saa 3:20 asubuhi
Shahidi ni zuri kwa Intel, mzee. Kwa ARM64 anakwambia kabla jambo halijatokea.

Zuzu_Stesheni – Jumatano, saa 3:26 asubuhi
Bado ni mlinzi basi, anapiga filimbi mwizi akiwa mlangoni.

Kijana_ESP – Jumatano, saa 11:15 jioni
Na sisi wa ESP32, ile chipu ndogo ya vifaa, je? Nina mita ya maji, wochipointi naona mbili tu, na ESP-IDF, zana zake za kuandikia programu, ina chaguo la kuitumia moja kulinda mwisho wa steki (memori ya kazi ya thredi). Nikiiwasha nabaki na moja. Kuna aliyewahi kubanana hivyo?

Mpunguzi_C – Alhamisi, saa 4:50 usiku
Wakuu, majibu ya jana na leo. Thredi zote tatu sasa zinaandikiwa. Mara ya kwanza POKEUSER ilikataa na kosa la EINVAL (thamani batili), tukahangaika saa nzima. Kumbe struct yetu (fungu la vigeu) imebanwa bila nafasi za katikati, "jumla" iko kwenye anwani inayoishia na 4, na baiti 8 zinataka anwani inayogawanyika kwa 8. Tumeigawa vipande viwili vya baiti 4, DR0 na DR1. Rejista mbili zimekwenda kwa kitu kimoja, lakini imekubali, na programu inakimbia kama kawaida.

Leo saa 12 jioni imegonga! Thredi ya skrini, ambayo haina ruhusa wala sababu ya kuigusa "jumla". RIP iko ndani ya memcpy, ile ya kunakili memori. Mwenzangu amepiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta.

Fedha bado hatujakubaliana. Mimi na mmoja tunataka Pi, wa tatu anashikilia laptopu, na kesho ndiyo Ijumaa.

FundiRejista – Alhamisi, saa 5:04 usiku
Hongereni. memcpy haina kosa, aliyeiita ndiye mwenye kesi. Weka hapa mfuatano wa miito yote na ukubwa uliopelekwa kwenye rejista ya RDX wakati memcpy inaitwa.

Kijana_ESP – Alhamisi, saa 5:30 usiku
Na mimi jamani, mita yangu?